Juu ya Askari Aliyeondoshwa Kabla ya Wakati Wake

Hivi karibuni mzee mmoja wa hapa Makuyuni alinijia nyumbani wakati wa jioni, naye amechukua mkebe wa biskuti uliofungwa kwa kamba ya mkonge. Alipokwisha kuniamkia na kuketi, alifungua mkebe ule akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa hata penye mikunjo pametoboka. Ilikuwa ni cheti alichopewa ujanani siku alipoondoshwa jeshini. Kikosi chake sikitaji, wala mwaka wake, maana havitatusaidia katika shauri hili. Alikuwa ametia sahihi kutumika miaka sita, naye akatumika miaka miwili na miezi saba tu. Na chini ya cheti, mahali pa kuandika tabia, limeandikwa neno moja: Mbaya.

"Mwalimu," akaniambia, "nataka uniandikie barua, neno hili lifutwe."

Nalimwuliza kwa nini alitake jambo hili sasa, baada ya miaka mingi namna hii. Akasema ya kuwa karatasi ile aliificha tangu siku alipoipokea, hata mkewe hakuisoma. Walakini katika mkutano wa kuchagua watu wa kushika fedha za bomba la maji, jina lake lilipotajwa, mtu mmoja alisimama akasema kwamba haifai aliyefukuzwa jeshini akabidhiwe fedha za watu. "Sikumjibu," akasema mzee. "Mke wangu alikuwapo, na mjukuu wangu alikuwapo."

Kisha akanieleza maneno aliyotaka niyaandike. Alikuwa amepewa ruhusa ya siku kumi na nne aje kumzika mama yake, naye akarudi kikosini siku kumi na moja baada ya ruhusa kwisha. Basi akataka barua iseme ya kwamba mvua zilikuwa nyingi mwaka ule, maji yakavunja daraja, asipate njia. Nikamwuliza, "Baba, je, daraja lilivunjika?" Akatazama chini akasema, "Mwalimu, nani aliye hai sasa wa kulikumbuka daraja?"

Jambo hili limenikosesha usingizi, nami naliandika hapa kwa sababu wengi wetu tujuao kalamu huombwa kuandika barua za watu, na si barua za jeshi tu. Je, ni haki mtu aliyeondoshwa kabla ya wakati wake, tena kwa jina baya, kuomba jina lile ligeuzwe? Na akiomba, aombe kwa njia gani?

Wako wasemao ya kuwa si haki. Wasema kwamba kilichoandikwa kimekwisha kuandikwa, na mtu mnyenyekevu huvumilia. Nami sidharau maneno yao, kwa kuwa uko unyenyekevu wa kweli wa mtu anyamazaye. Lakini nimeona ya kuwa wasemao hivyo aghalabu ni watu wenye vyeti vyema. Ni vyepesi kuuvumilia mzigo ulio kichwani pa mwenzako. Tena karatasi ya namna hii haimwumizi mtu mara moja tu ikaisha. Anapoomba kazi ya ulinzi, huulizwa cheti. Anaposema alikuwa askari, huulizwa aliondokaje. Adhabu ya kifungo ina siku yake ya kwisha, bali neno lililoandikwa chini ya cheti halina siku hiyo, hudumu hata yule aliyeliandika akiisha kufa na kusahauliwa.

Na yule aliyeliandika ni nani? Ni afisa mmoja, mezani pake, mwenye vyeti vingine arobaini vya kuandika siku hiyo. Pengine alimjua askari yule vizuri. Pengine alimjua kwa namba yake tu.

Twajua katika nchi yetu jinsi karatasi zinavyoweza kuwa na nguvu, na jinsi zinavyoweza kupungukiwa. Vita vya kwanza vya dunia vilipita papa hapa kwetu. Majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na Handeni katika Juni 1916, wakiwafuata askari wa Wadachi waliokuwa wakirudi nyuma kuelekea kusini. Wale askari wa Wadachi walishika silaha hata Novemba 1918, ndipo jemadari wao von Lettow-Vorbeck alipojitoa huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Mishahara yao walikuwa bado kulipwa. Ikapita miaka arobaini na sita, hata mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ikakubali kuwalipa waliosalia. Husimuliwa ya kwamba wazee walipokusanyika Mwanza, wachache tu walikuwa na cheti cha jemadari wao. Wengine walileta kipande cha nguo ya kijeshi, na wengine hawakuwa na kitu. Basi yule aliyeleta fedha akampa kila mmoja mti wa ufagio, akamwamuru kwa Kidachi afanye mazoezi ya bunduki, wala hakuna hata mmoja aliyekosea. Sijui kama mambo yalikuwa hivi neno kwa neno, maana hadithi nzuri hukua njiani. Walakini naipenda, kwa kuwa mle mtu aliruhusiwa kusema kwa mwili wake neno ambalo karatasi yake haikulisema.

Sasa nataka niwapeleke mbali, mpaka Marekani, maana huko liko shauri moja linaloonyesha kwa nini si haki kuifunga njia ya kuomba. Mwaka 1906 kilikuwako kikosi cha askari weusi katika mji wa Brownsville, katika jimbo la Texas. Usiku wa tarehe 13 Agosti bunduki zililia mjini. Mtu mmoja mwenye kuuza pombe akafa, na polisi mmoja akajeruhiwa. Watu wa mji wakasema, ni askari. Maafisa wao wenyewe walishuhudia ya kuwa askari walikuwamo kambini. Askari wakaulizwa mmoja mmoja, nani aliyepiga? Wakasema hawajui. Ndipo ilipotolewa hukumu ya ajabu: kwa kuwa hakuna aliyesema, wote wanaficha. Katika Novemba mwaka ule Rais Theodore Roosevelt aliamuru watu 167 waondoshwe jeshini pasipo heshima. Hawakupelekwa mbele ya baraza la kijeshi. Hata mmoja hakuhukumiwa kwa kosa lake mwenyewe.

Mmoja wao aliitwa Mingo Sanders. Alikuwa sajini mkuu, ametumika miaka ishirini na sita, amepigana Cuba na Ufilipino, naye alikuwa amekaribia kupata pensheni yake. Akaomba kurudishwa, akakataliwa. Baadaye, mwaka 1910, baraza likachagua watu 14 katika wale 167, wakaruhusiwa kujiandikisha tena. Na kwa nini hao 14 wala si wengine, haikuelezwa. Miaka ikapita. Watu wakafa mmoja mmoja na jina lile juu yao. Mwaka 1970 mwandishi mmoja, John Weaver, alitoa kitabu kilichochunguza habari zile upya, na katika baraza la kutunga sheria mjumbe Augustus Hawkins akalishika shauri hilo. Mwaka 1972 jeshi likakubali ya kuwa hukumu ya watu wote kwa pamoja ilikuwa ni dhuluma, likabadili vyeti vyote 167 viwe vya heshima. Karibu wote waliandikiwa heshima hiyo makaburini. Dorsie Willis alikuwa yu hai bado, katika mji wa Minneapolis, ambako alikuwa ametumika miaka hamsini na tisa katika duka la kinyozi, akifagia na kung'arisha viatu vya watu. Alipokea cheti chake mwaka 1973, siku alipotimiza miaka themanini na saba.

Fikirini, ndugu. Kama mtu angalimwambia Willis mwaka 1930, "Vumilia, kilichoandikwa kimeandikwa," angalikuwa anamfundisha unyenyekevu, au angalikuwa anaulinda uongo? Unyenyekevu haumtaki mtu akubali neno lisilo kweli juu yake mwenyewe. Kwa mtu wa namna hii, kuomba cheti kigeuzwe si kujitafutia utukufu; ni kuisaidia serikali yake iache kusema uongo.

Nchi ile sasa ina sheria kwa mambo haya. Tangu mwaka 1944 yako mabaraza ambayo mtu aliyeondoshwa aweza kuyaendea, akiomba cheti chake kitazamwe tena, naye amepewa miaka 15 tangu siku ya kuondoshwa kwake. Na muda huo ukiisha kupita, liko baraza jingine la kusahihisha kumbukumbu. Lakini si kila aombaye hupewa. Mwenye kuomba ndiye apaswaye kuonyesha ya kuwa neno lililoandikwa halikuwa la haki.

Basi, mashauri yote yangalikuwa kama la Brownsville, nisingaliandika zaidi. Ni vyepesi kumtetea asiye na kosa. Vigumu vyaanza pale kosa lilipokuwapo.

Na hapo hatuna haja ya kwenda Marekani. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles, katika kambi ya Colito karibu na Dar es Salaam, waliasi. Walitaka mshahara uongezwe na maafisa Waingereza waondolewe. Waliwakamata maafisa wao, wakaingia mjini, na maduka yakaporwa, na watu wakafa. Kesho yake kikosi cha Tabora kikafuata. Tarehe 25 Januari askari wa Uingereza walitua kutoka katika manowari Centaur, wakaitwaa kambi. Siku zile zile askari wa Uganda waliasi huko Jinja, na wa Kenya huko Lanet. Kwetu jeshi lile likavunjwa, na wengi wa askari wakaondolewa silaha na kurudishwa makwao. Wachache wakapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi, na Sajini Hingo Ilogi, aliyehesabiwa kuwa kiongozi, akapewa kifungo cha miaka 15. Rais Nyerere aliziona hukumu zile kuwa nyepesi mno, walakini hakuzibadili, kwa kuwa zimetolewa kwa sheria. Tarehe 1 Septemba mwaka ule ule jeshi jipya likaanzishwa, Jeshi la Wananchi.

Mtaniambia: Hapa je? Askari mwenye bunduki akimkamata mkubwa wake usiku, aweza kweli kuomba baadaye aitwe mwenye tabia njema? Nami najibu ya kuwa hawezi, kama kuomba kwake ni kusema hakufanya. Lakini katika kambi ya mamia ya watu, usiku, yuko aliyepanga. Yuko aliyeamshwa kwa kelele akamfuata mwenzake. Yuko mpishi aliyekaa jikoni mpaka asubuhi. Na pengine yuko aliyesema, "Msifanye," akatishwa akanyamaza. Mvua ya kuvunjwa jeshi iliwanyeshea wote. Silaumu kuvunjwa kwenyewe, maana nyumba ikiwaka moto mtu hachagui vyombo vya kutupa nje. Lakini moto ukiisha kuzimika, ni wajibu wa mwenye nyumba kutoka uani na kuvitazama vile vyombo.

Na yule aliyepanga je? Yeye naye ana ombi, ila ni ombi la namna nyingine. Haombi haki, aombа rehema, na hayo mawili yana milango miwili. Mwenye kuomba haki husema, "Neno hili si kweli." Mwenye kuomba rehema husema, "Neno hili ni kweli, lakini nimelichukua muda wa kutosha." Makosa mengi katika barua zetu hutokea kwa sababu mtu mwenye neno la mlango wa pili hubisha mlango wa kwanza. Aona haya kuomba rehema, basi hutunga haki asiyokuwa nayo.

Waingereza walipata taabu na jambo hili hili. Katika vita vya 1914 hata 1918 waliwapiga risasi askari wao wenyewe kwa kutoroka na kwa woga na makosa kama hayo. Wengi wao walikuwa vijana, na wengine, kwa elimu ya leo, tungesema akili zao zilikuwa zimevunjwa na mizinga. Jamaa zao waliomba miaka mingi. Mwaka 2006 sheria ikapitishwa, na askari 306 wakasamehewa. Lakini sheria ile ile inasema wazi ya kuwa msamaha huo hauibadili hukumu wala adhabu. Wengine walichukizwa na maneno hayo, wakauliza, ni msamaha gani huu usiofuta kitu? Mimi naona ulifuta kitu kimoja, nacho ni aibu. Na mambo mengine wakayaacha, kwa sababu hakuna aliye hai awezaye kuyahukumu kesi 306 upya, shahidi kwa shahidi. Sioni kama ni unafiki. Afadhali serikali isemayo, "Tumeondoa aibu, wala hatujui zaidi," kuliko isemayo kwamba haikukosea kamwe, au isemayo kwamba wote walikuwa mashujaa.

Wasomaji wa kurasa hizi mtakumbuka pia habari za Yohana Marko. Alitoka na Paulo na Barnaba katika safari, akawaacha huko Pamfilia, akarudi Yerusalemu kabla kazi haijakwisha. Safari ya pili Barnaba akataka kumchukua tena, Paulo akakataa, hata mitume wawili wale wakaachana kwa ajili ya mtu mmoja aliyerudi mapema. Lakini mwishoni Paulo, akiwa kifungoni, aagiza Marko aletwe kwake, akimshuhudia kuwa afaa kwa utumishi. Nimetafuta mahali Paulo anaposema ya kuwa Marko hakuondoka kule Pamfilia, sikupaona. Kuondoka kule kumebaki kumeandikwa, na ushuhuda mwema umeandikwa baada yake. Katikati yake iko miaka ambayo Marko alifanya kazi.

Basi nikamrudia mzee wangu. Nalikuwa nimemwambia jioni ile ya kwanza ya kuwa sitaliandika lile daraja, akaufunga mkebe wake akaenda zake bila kuaga vizuri. Naye hakukaa. Alikwenda mjini kwa mwandishi wa barua, akatoa fedha, daraja likaandikwa, barua ikapelekwa. Jibu likaja, kwa upesi kuliko tulivyotazamia wote wawili: alete ushahidi wa daraja, na barua ya mkuu wa mahali ya wakati ule. (Nawaomba ndugu zangu mnaoandikia watu barua kwa malipo mlikumbuke jibu hili. Mtu huyu alilipa fedha akanunuliwa tuhuma ya pili.)

Nikamwendea mwenyewe, maana aliona haya kuja. Tuliketi nyuma ya nyumba yake. Nikamwambia, "Baba, niambie siku zile kumi na moja zilikuwaje." Akakaa kimya kitambo. Kisha akasema ya kuwa mama yake alikuwa ameacha watoto watatu wadogo na shamba lililokwisha kulimwa wala halijapandwa, na mvua imekwisha kuanza. Baba yao alikuwa amekufa zamani. Akapanda mahindi. Hakupeleka habari kikosini kwa kuwa aliogopa kuambiwa arudi. "Siku saba nalipanda," akasema.

"Na nne?"

"Siku nne, Mwalimu, nalikuwa pombeni. Nalikwisha kujua nimekwisha kuchelewa, nikaogopa kwenda."

Nikamwuliza kwa nini hakumweleza afisa wake habari za mahindi. Akacheka kidogo. Alidhani kwamba jeshi hujali madaraja, halijali mahindi.

Mtaona ya kuwa ukweli wake ulikuwa bora kuliko uongo wake. Lile daraja lilimfanya mtu aliyezuiwa na maji, asiye na sifa wala lawama. Bali ile kweli ilikuwa na kijana aliyewapandia wadogo zake chakula, akaogopa, akanywa. Kijana huyo ana lawama, tena ya haki. Walakini neno lile moja, Mbaya, halimwenei. Na wale watoto watatu waliishi. Mmoja wao ndiye mama wa mwalimu wa shule iliyo karibu nasi.

Tukaandika usiku ule ule, kwa taa. Tukaanza kwa kusema ya kuwa barua ya kwanza haikuwa ya kweli, na kwamba mwenyewe aomba radhi kwa ajili yake. Hapo tulishindana kitambo; yeye alitaka tuinyamazie, mimi nikasema watakuwa nazo zote mbili mezani. Tukaziandika siku saba, tukaziandika na nne. Hatukuomba waseme ya kuwa hakuchelewa. Tuliomba wamwandikie ya kuwa aliondoshwa kwa kuchelewa kurudi katika ruhusa, ambalo ndilo kosa lake, na kwamba lile neno lingine liondolewe, kwa kuwa lasema juu ya mtu mzima habari ya siku kumi na moja. Mwisho tukataja umri wake, na watoto aliowalea, na kwamba hadai fedha yo yote. Akatia sahihi yake polepole, kama alivyofundishwa kikosini, na namba yake ya askari ambayo hakuisahau.

Nilipokuwa naikunja barua akaniuliza kama nadhani watakubali. Nikamwambia sijui. Akauliza tena kama inambidi awaeleze watu wa bomba la maji kabla jibu halijaja, au angoje. Sikuwa na jibu la upesi, wala yeye hakulingojea. Jumamosi iliyofuata alikwenda mkutanoni na mkebe wake, akaomba nafasi ya kusema.